Baada ya kutoka Zeeland: niliyowaambia wazazi wenye watoto nje ya nchi

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi hapa Mwanza kwenye kikao cha wazazi wenye watoto wanaoishi nje ya nchi. Wengi walikosa kuja wakaomba niyaandike, nimeyaacha vile vile nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za mchana. Asante mwenyekiti. Najua nilivyoingia hapa kuna waliojiuliza huyu mzungu anakuja kutuambia nini kuhusu watoto wetu, na swali ni la haki kabisa kwaiyo nianze nalo. Mimi mwenyewe ni mtoto anayeishi mbali na nchi ya wazazi wake. Nyie mna watoto Toronto, Muscat, Minnesota, Ujerumani, na jioni mnakaa mnaiangalia simu. Kule Uholanzi kuna mji mdogo unaitwa Zierikzee, jimbo la Zeeland, kuna mzee na mama nao wanaiangalia simu, wanasubiri ya kutoka Mwanza, na anayepiga ni mimi. Nimetoka kuwaona juzi juzi tu. Mwenyekiti akaniambia njoo useme, maana watoto wetu wakija kutusalimia wanacheka, wanapiga picha, wanagawa zawadi, afu wakisharudi wanakoishi wanakuwa kimya wiki nzima, wiki mbili, na sisi tunabaki tunaulizana tumewaudhi nini.

Hamjawaudhi. Nawaambia hilo mapema ili mnisikilize kwa amani.

Kwa wasionijua, baba yangu alikuja Shinyanga miaka ya 70 na ule mradi wa visima vifupi, vile vya pampu ya mkono ambavyo Uholanzi ilikuwa inasaidia kuchimba vijijini, baadaye kazi kama ile ikafanyika na Morogoro. Mimi nimezaliwa Shinyanga, nimeanza kuongea Kiswahili na Kisukuma cha uani kabla ya Kiholanzi, tukaondoka nimeshamaliza darasa la saba, nikasoma kule, nikarudi mtu mzima nikaolewa na Msukuma ambaye amekaa pale mstari wa tatu, nafundisha hesabu sekondari, naishi kwa kibali. Maisha yangu ni hapa. Lakini walionizaa wako kule, na wamezeeka.

Niwaambie kidogo kuhusu baba maana bila hivyo hamtaelewa nilichokikuta. Amekulia kisiwa cha Schouwen-Duiveland, huko huko Zierikzee iliko, ambako sehemu kubwa ya ardhi iko chini ya usawa wa bahari na watu wanaishi nyuma ya matuta makubwa ya udongo yanayozuia maji. Hapa Mwanza hata ufukweni kabisa uko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, kwaiyo ni ngumu kupata picha, lakini hata ule uwanja wa ndege wa Schiphol mnaposhukia uko chini ya bahari. Basi usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ya kaskazini magharibi ikakutana na bamvua, yaani bahari ikiwa imejaa sana, matuta yakapasuka, Uholanzi wakafa watu 1,836 na karibu nusu yao walikuwa wa Zeeland. Baba alikuwa mtoto, walipanda darini wakakaa huko kwenye giza wanasikia samani zinagongana chini. Tobo la mwisho, la pale Ouwerkerk, lilizibwa Novemba, yaani miezi 9 bahari ilikuwa inaingia na kutoka mashambani kwa watu. Na mtoto huyo huyo aliyekimbizwa na maji ndo aliyekuja kuwa fundi wa kuyatafuta maji Shinyanga. Mimi naliheshimu sana hilo.

Sasa baba kumbukumbu zinamtoka. Mama alikuwa anajua, dada yangu alikuwa anajua, majirani walikuwa wanajua, daktari alishawaambia. Mimi kwenye simu nilikuwa naambiwa mzee hajambo, mzee amelala kidogo, mzee yuko bustanini. Tukipigiana ya vidio anatokea amevaa shati safi, nywele zimechanwa, ananiuliza mvua zimenyesha huko, wajukuu hawajambo, anacheka, afu mama anachukua simu. Maswali ni yale yale matatu kila mara na mimi nikiwa huku na bando langu na mtandao unakatakata sikuwa na namna ya kuona kitu. Mama alikuwa anamwandaa. Anamvalisha, anamkalisha, anamkumbusha maswali ya kuniuliza. Nyie wazazi mnatikisa vichwa hapo mbele, naona mnaelewa ninachosema, kuna wenzetu humu wanafanya hivyo hivyo kuficha presha, kuficha sukari, kuficha kwamba mguu umekatwa kidole.

Nikafika. Toka Schiphol ni treni mpaka Rotterdam afu basi, kisiwani hakuna reli. Baba akanipokea vizuri, akanikumbatia, akaniita jina la dada yangu.

Siku za mwanzo nilikuwa mgeni. Vikatoka vikombe vya kabatini, ikatengenezwa programu ya shangazi na majirani, maana kule huendi kwa mtu ukapiga hodi, mnapangiana siku na saa na inaandikwa kwenye kalenda, shangazi yangu wa damu alinipa Alhamisi saa tisa na nusu. Nikapelekwa kula kome, nikapigwa picha. Mama hataki nioshe hata kijiko. Nyie si mnajua, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu ikapita, ya nne ikapita, jembe sijapewa, na nikaona kabisa hili jembe nikisubiri kupewa nitaondoka bila kulishika na bila kujua chochote. Nikamwambia dada, kesho usije, kaa kwako, mimi nitafanya unachofanyaga wewe, niandikie tu.

Akaniandikia. Ilikuwa karatasi nzima, mbele na nyuma.

Asubuhi saa mbili anakuja nesi wa nyumbani kumvalisha baba soksi za kubana miguu, zile ngumu ambazo mtu mwenyewe hawezi kuzipandisha. Kule kuna mtindo wa manesi wa mtaa ambao nesi mmoja anaitwa Jos de Blok aliuanzisha mwaka 2006, timu ndogo isiyozidi manesi 12, wanajipangia wenyewe kazi bila bosi wa kuwasimamia, na wanaokuja kwa baba wanafanya kwa mtindo huo kwaiyo ni nyuso zile zile na anazizoea. Kuna mmoja, mama mtu mzima, baba kila asubuhi anamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka. Na yeye anaitika mwangaluka baba! Mwanamke wa Zeeland ambaye Shinyanga hajawahi kuiona hata kwenye ramani nadhani, kajifunza ili mzee atulie wakati anavuta ile soksi. Nilisimama pale mlangoni nikashindwa kuongea.

Afu dawa. Famasi wanazitengeneza kwenye mkanda mrefu wa vipakiti vya plastiki vimeungana, kila kipakiti kimechapwa jina lake, tarehe na saa ya kunywa, ndani kuna vidonge vya saa hiyo tu. Unachana kimoja, unamimina mkononi mwake, unasubiri ameze, unaandika kwenye daftari lililopo karibu na mlango. Daftari hilo ndo lilinifundisha kila kitu. Kila anayeingia anaandika, nesi, dada, mama, jirani anayemchukua kutembea. Nikakaa usiku nikalisoma kuanzia mwanzo. Amekula vizuri. Amekataa kuoga. Ameanguka bafuni, hajaumia. Ametoka usiku akakutwa karibu na bandari. Miezi na miezi ya maisha ya baba yangu yalikuwa mle, kwa mwandiko wa watu wengine, na kila tarehe niliyokuwa naiangalia nakumbuka mimi siku hiyo niliambiwa mzee yuko bustanini.

Sijawa na hasira na mama, nataka mjue. Mama alikuwa ananilinda. Alijua nikisikia nitakosa usingizi, nitatafuta nauli nisiyokuwa nayo, nitaacha wanafunzi wakikaribia mtihani. Hiyo ni huruma ya mzazi na naipokea. Lakini ilininyima kuwa mtoto wake kwa kipindi chote kile, na ilimwachia dada yangu mzigo peke yake, maana huwezi kumsaidia mtu kubeba kitu ambacho umeambiwa hakipo.

Jioni ndo ngumu. Jua likianza kushuka, na kule Juni linashuka karibu saa nne usiku, baba anaanza kuhangaika anauliza maji yamefika wapi. Anataka tupande darini. Ukimwambia matuta ni mazima, kuna kizuizi kikubwa cha Oosterschelde kimejengwa baharini, kilifunguliwa 1986, hakisaidii kitu hicho, maana yeye saa hiyo ni mtoto wa 1953. Dada ameshajua njia, anamuuliza mambo ya visima. Baba, kisima kile mlichimba futi ngapi? Basi anakaa, uso unabadilika, anaanza kukueleza bomba, fimbo ya pampu, mchanga wa mtoni, anataja vijiji kimoja kimoja. Vijiji hivyo vyote bado viko mle kichwani, na kahawa aliyokunywa saa ile ile hakumbuki.

Mimi nilikuwa na langu la kumwambia, daraja. Yeye enzi zake alivuka sana Busisi kwa kivuko, kukaa foleni nusu siku kwake ilikuwa kawaida. Nikamwambia baba, Kigongo mpaka Busisi siku hizi ni daraja, limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3. Akashangaa mpaka akasimama. Akaniambia hilo letu la Zeeland ni mita 5,022 lilifunguliwa 1965, na kweli ndivyo lilivyo, hakukosea hata mita. Kesho yake nikamwambia tena na akashangaa upya vile vile, akasimama tena, akanitajia zile mita 5,022. Nikawa namwambia kila jioni. Mama akasema hamjachoka nyie? Sikuchoka.

Niseme na hili kwa sababu nalisikia sana huku mitaani, kwamba wazungu wanawatupa wazee wao kwenye manyumba. Wapo wanaotelekezwa, kama walivyopo hapa kwetu. Lakini zile nyumba za wazee za zamani nyingi zimefungwa miaka ya 2010 kuja mbele, siasa ya nchi ni mzee abaki kwake kadiri inavyowezekana, na sheria ya 2015 ikawapa halmashauri kazi ya kusaidia ila kwanza wanauliza, ndugu zako wanaweza nini? Kwenye nyumba ya uuguzi anaingia mtu ambaye hali yake imefika mbali, anapimwa na taasisi maalumu, na analipia kutokana na kipato. Kwaiyo aliyeko nyuma ya ule utaratibu wote mzuri ni mtu mmoja, mara nyingi binti, kwetu ni dada. Ana kazi yake, ana familia, na kila jioni, mvua na upepo wa bahari vyote vinampiga, anapanda baiskeli kutoka kijiji cha jirani. Pale jikoni kwa mama kuna kalenda ya ukutani, kila siku imeandikwa herufi ya anayekuja. Nikafunua miezi ya nyuma. Herufi ya dada, ya dada, ya dada, ya jirani, ya dada. Yangu iko kwenye ule mwezi niliokwenda basi.

Hapo ndo nilipojua kimya cha watoto wenu kinatoka wapi.

Nimerudi Mwanza, majirani wamekuja siku ile ile bila kuulizana, pole na safari, wengine wamekuja na maziwa, mwingine na ndizi, na nawashukuru kutoka moyoni maana baada ya kalenda ya shangazi ile hodi ya ghafla iliniponya. Wananiuliza Ulaya kuzuri? Nasema kuzuri. Wazee hawajambo? Na hapo nakwama. Nikisema hawajambo nadanganya, nikianza kueleza nalia mbele ya mtu aliyeleta ndizi. Kwaiyo nakaa kimya. Naenda Mwaloni kununua dagaa, nachagua, nalipa, na kichwani ni saa ya soksi. Naingia darasani naandika mlinganyo ubaoni, na mkono unasimama kwa sababu ni saa ya kipakiti cha mchana. Mume wangu ananiongelesha mara mbili ndo nasikia. Maisha ya huku hayakusimama kunisubiri, umeme, ada, madaftari ya kusahihisha, mtoto ana homa, yote yanataka mtu mzima aliyepo, na mimi sipo kamili sehemu yoyote. Mtoto wako wa Toronto akirudi anaingia zamu ya usiku kesho yake. Akikupigia ataisikia sauti yako, na sauti yako ndo itamvunja, na yuko kwenye basi na watu. Basi anaahirisha mpaka kesho.

Wengine wana na lingine juu ya hilo. Aliyechukua uraia wa huko, sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwaiyo anaingia kwenye nchi aliyozaliwa kwa pasipoti ya nchi nyingine. Na ambaye anawaambia nikimaliza miaka michache narudi msimwone mwongo, kwa mfano Uholanzi pensheni ya serikali mtu anaijenga asilimia 2 kwa kila mwaka anaoishi kule, inataka miaka 50 kuipata yote, sasa aliyefika na miaka 35 anapiga hesabu kila siku na kila mwaka anaoukata unamuuma.

Sasa ninachowaomba. Waambieni ukweli. Presha ikipanda semeni imepanda ngapi. Mkianguka semeni mmeanguka. Msisubiri aje akute kovu. Kuna baba mmoja aliniambia ukimwambia atapata shida bure huko aliko, hana cha kufanya. Anacho, mzee wangu. Mimi niko kilomita maelfu huko na sasa hivi makaratasi yote ya baba nayafanya mimi. Mama anapiga picha barua anatuma, amenipa idhini, naingia kwenye mtandao naongea na bima, napanga miadi ya daktari, nafuatilia famasi. Dada hagusi tena karatasi hata moja, amebakiwa na kazi ya mikono, na juzi ameniambia Jumapili moja alilala mchana. Na lile daftari la mlangoni tumelifanya kundi la WhatsApp, nesi anaandika daftarini, mama anapiga picha ukurasa, unaingia kwenye kundi. Nasoma kila siku. Siku nyingine ni mbaya. Lakini naishi na baba yangu halisi, wa shati safi nimemuaga.

Na simu tumebadilisha. Zamani nilipiga Jumapili, simu ndefu ya heshima. Sasa napiga wakati wao wa kula jioni, kule ni saa kumi na mbili kamili kama kengele, kwetu inakuwa saa moja, na wakirudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba inakuwa saa mbili. Mama anasimamisha simu pembeni ya sahani, wanakula viazi vyao, sisi tunakula ugali wetu, hakuna anayehojiwa. Kuna siku hatuongei kitu, nasikia uma tu. Jaribuni hilo na watoto wenu, msingoje habari kubwa, mpigie ukiwa unachambua mchele.

Na huyu anayebaki nyumbani, jamani. Kila familia humu ina mmoja. Mnaandaa pilau kwa yule wa nje akija, na aliyewapeleka hospitali mwaka mzima ndo anatumwa kuchota maji ya wageni. Mimi ndo yule wa pilau, kwaiyo nina haki ya kulisema. Mkija kupokea hela za kutoka nje mkae naye, mtoe fungu lake, na mumwambie yule wa nje kwa jina kwamba fulani ndo ananibeba. Mwacheni na yeye akija afanye, msimkalishe sebuleni. Mpeni aende na mama kliniki akae kwenye benchi mpaka namba iitwe.

Sisi na dada tumekubaliana, kila likizo ndefu ya shule naenda, na yeye siku ninayofika anaondoka, anakwenda mahali na mume wake na simu yake inazimwa. Nauli ni ngumu, tumeuza kiwanja kimoja, mume wangu amekubali na namshukuru mbele yenu. Kuhusu nyumba ya uuguzi bado hatujakubaliana. Mama hataki kusikia, dada anasema mwaka huu hauishi kabla haijabidi, na mimi wananiuliza wote wawili kila mmoja kwa wakati wake. Nimewaambia sitapiga kura kutoka Mwanza kabla sijakaa tena pale na kulisoma lile daftari na usiku wa baba nimeuona mwenyewe. Hapo ndo tulipofikia, sina zaidi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kidole kukatwa, naomba apewe maiki yeye kwanza.